Nzi wa chooni na sahani ya mteja

SWALI: Mimi ni mama lishe, nauza ugali na dagaa jirani na soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Kila asubuhi napulizia dawa ya wadudu, lakini kufikia mchana nzi wamerudi. Baadhi ya wateja husema nzi ni kero tu, hawaleti ugonjwa. Je, ni kweli? Nifanye nini?

JIBU: Dada yetu, wateja hao wamekosea. Nzi hawezi kutafuna. Akitua juu ya ugali hutema mate na sehemu ya alichokula awali ili kulainisha, kisha hufyonza. Ikiwa ametoka kwenye kinyesi, vimelea vya kuhara damu, homa ya matumbo au kipindupindu huweza kufika sahanini kwa matapishi hayo, kwa vinyweleo vya miguu yake na kwa kinyesi chake mwenyewe. (Wale wadudu wadogo wanaopaa kama moshi juu ya Ziwa Victoria ni wengine, nao hawazaliani chooni.)

Dawa yako huua nzi waliokwisha kuruka, ilhali katika joto letu yai huweza kuwa nzi kamili kwa siku 7 hadi 10, na jike mmoja hutaga mamia ya mayai. Funika chakula kwa kawa na ukipakue kikiwa cha moto, lakini tafuta pia wanakozaliwa: jalala, matumbo ya samaki yaliyotupwa ufukweni, kinyesi cha watoto, ambacho wengi hudhani hakina madhara, na hasa choo.

Tunajua kwamba kwenye vilima vyetu vya mawe kuchimba shimo refu ni taabu kubwa. Hata hivyo, shimo fupi nalo huweza kuwekewa bomba la hewa, kwa mtindo uliobuniwa Zimbabwe miaka ya 1970: upepo unaopita juu ya bomba huvuta harufu nje, na nzi walio shimoni, kwa kuwa hufuata mwanga, hupanda bombani wakakwama kwenye wavu uliofungwa juu yake hadi kufa, mradi chumba cha choo kiwe na giza. Kama wewe na majirani mnalo bomba tayari, kagueni wavu wake leo, kwa sababu jua huuchakaza, na ukitoboka nzi hutoka humo bila kizuizi na kuja moja kwa moja kibandani kwako.