Vidonge viko kashani, damu iko kangani

"Shikamoo Shangazi. Nina miaka 53, niko Langoni, Lamu. Mwaka juzi nilikatwa titi la kushoto, nikachomwa dawa, kisha nikapewa vidonge vya tamoksifeni, kimoja kila siku kwa miaka mitano. Hedhi yangu ilikuwa imeshakatika miaka mitatu nyuma. Sasa natokwa na ute mwingi, na tangu mwezi wa Rajabu naona matone ya damu. Mume wangu akinikaribia naumia kama nakatwa, nimeanza kumkimbia. Dada yangu asema ni vidonge hivyo, niache. Nimeacha wiki tatu, nimevificha kashani chini ya kanga, nyumbani hawajui. Daktari ni kijana wa umri wa mwanangu, naona haya. Na sala nimeiacha, maana niko kwenye damu. Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako niliisoma nikaiweka, nikairudia. Nianze na damu, kwa sababu hayo mengine yanaweza kungoja wiki moja, damu haingoji.

Mwanamke aliyekoma hedhi, akawa anatumia tamoksifeni, akiona damu, huyo ni wa kupimwa. Hata liwe tone moja. Hata isiwe nyekundu, iwe ya kahawia kama maji ya ukwaju. Kidonge hiki kina tabia mbili. Kwenye titi huiziba njia estrojeni, homoni ya kike ambayo saratani za aina yako huila, nayo saratani ikakosa chakula. Kwenye mji wa mimba hugeuka kikafanya kazi kama estrojeni yenyewe, utandu wa ndani ukanenepa. Hapo ndipo unapotoka ute, ndipo huota vinyama, na ndipo damu huweza kuanzia. Wengi wakipimwa hukutwa na vinyama visivyo na ubaya, au utandu uliochubuka tu. Wachache, hasa sisi tuliokoma hedhi, hukutwa na saratani ya mji wa mimba. Sikufichi hilo. Lakini saratani hiyo ina jambo moja la kushukuru: mara nyingi hujitangaza mapema, kwa damu hiyohiyo, na ikikamatwa mapema hutibika vizuri. Wewe damu imekwisha kukupigia hodi, mfungulie mlango uone ni nani.

Watakupiga picha ya tumbo la uzazi, ultrasaundi, pengine ya kuingiza kijiti ukeni, na wakiona haja watachukua kipande kidogo cha utandu kipelekwe maabara. Utasikia msokoto kama wa hedhi, kisha huisha. Ukiambiwa ulishapimwa mlango wa uzazi mwaka jana ukawa salama, jibu kwamba hicho ni kipimo kingine, hakijibu swali hili.

Kuhusu haya. Niliwahi kumsindikiza jirani yangu kliniki, safari ya kutwa nzima. Mbele ya daktari alitaja joto la mwili na viungo kuuma, basi. Tulipokwisha kutoka, mkono wangu uko kwenye kitasa, ndipo aliponishika bega akaninong'oneza, "Na damu je?" Tukarudi ndani. Daktari aliiacha kalamu akamsikiliza, wala hakucheka. Kwa hiyo andika kwenye karatasi kabla hujatoka nyumbani: damu ilianza lini, siku ngapi, rangi gani. Ukishindwa kusema, mpe karatasi. Na una haki ya kuomba muuguzi mwanamke akae nawe ukipimwa.

Dada yako anakupenda, ila hapa amekosea. Madhara yanatoka kwenye kidonge, kweli, lakini kidonge hichohicho ndicho kinachozuia ugonjwa usirudi, na kinga yake hutaka miaka. Usikiache kimyakimya, wala usimeze viwili viwili kufidia wiki tatu. Mpigie daktari wiki hii, mwambie umeacha na kwa nini. Yeye ndiye atakayesema uanze lini, au akubadilishie, maana zipo dawa za aina nyingine kwa waliokoma hedhi, kama anastrozoli, ambazo haziugusi mji wa mimba hivyo. Hizo nazo hukausha uke na kuumiza viungo, basi mueleze yote achague akijua.

Sasa chumbani. Somo wako alikufunza mengi, hili hakukufunza kwa sababu hakulijua. Uke uliokosa estrojeni huwa mkavu na mwembamba, huchanika upesi. Maumivu yako ndiyo hayo, si kwamba umemchoka mume. Nakusihi, usifukize udi huko chini, usitie shabu ya kubana, usioshe ndani kwa sabuni ya manukato. Vyote vinazidi kukausha na kuchubua. Duka la dawa ulizia jeli ya kulainisha ya maji, isiyo na homoni, ya kutumia wakati wa tendo, na ile ya unyevu ya kupaka mara mbili tatu kwa wiki hata kama hamkutani. Krimu ya estrojeni usiiguse bila idhini ya daktari wa saratani, wala "dawa za kurudisha ujana" zinazouzwa mkononi. Lakini kwanza damu ipimwe, hadi hapo mpumzike. Na mwambie mumeo leo. Mwanamume asiyeambiwa kitu hujitungia lake.

Sala, mwanangu, imenigusa kuliko yote. Katika madhehebu yetu ya Shafi, damu isiyotimia mchana mmoja na usiku wake haihesabiwi hedhi. Ni istihadha, na mwenye istihadha hujisafisha, akajifunga, akatawadha kila wakati wa faradhi, akasali. Mueleze mwalimu wako wa kike hali yako yote akuhesabie siku. Pengine ulijinyima msala bure, katika miezi uliyouhitaji zaidi.

Ukipewa rufaa ya Mombasa, safari ni ndefu. Ukitoka Mokowe usikae kitini mpaka mwisho. Gari likisimama Malindi shuka utembee, kwani tamoksifeni huweza kugandisha damu miguuni. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, hiyo ni hospitali saa hiyohiyo.

Usiku huu vitoe vidonge kashani, uvihesabu, uandike vimebaki vingapi kwenye karatasi ileile. Daktari atauliza.