Kifaru amekwama au kifaru kimekwama?

Niliandika "vifaru wameingia mjini", mhariri akabadili kuwa "vifaru vimeingia mjini". Nani yuko sahihi?

Mhariri wako, kama ulikusudia vyombo vya vita. Kifaru ni mnyama, na pia ni chombo cha vita cha chuma. Mnyama ana uhai, kwa hiyo hufuata ngeli ya A-WA hata kama jina lake linaanza na ki-: kifaru amelala, kifaru huyu, vifaru wawili. Chuma hakina uhai, kinabaki KI-VI: kifaru kimekwama, kifaru hiki, vifaru viwili. "Vifaru wawili wameuawa mtoni" ni habari ya majangili. "Vifaru viwili vimeteketezwa mtoni" ni habari ya vita. Hata kihusishi kidogo, wa au cha, kinatosha: kifaru wa Sumatra ana manyoya, kifaru cha Ujerumani kina mzinga. Sijui lugha ngapi zinapata burudani kama hii kwa herufi mbili tatu.

Mbona wengine huandika "tangi la vita"?

Wanafuata Kiingereza. Waingereza walipokuwa wakiunda chombo hiki kwa siri, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, walijidai wanatengeneza matangi ya maji. Jina likaganda. Tarehe 15 Septemba 1916 kikaingia vitani kwa mara ya kwanza, kule Flers, Ufaransa. Wajerumani wao husema Panzer, yaani deraya, lile vazi la chuma la askari wa zamani. Kwangu mimi letu ndilo bora: ngozi nene, pembe mbele, na kichaka hakikizuii. Tangi tuliachie maji na mafuta.

Gari la magurudumu manane lenye bunduki juu, nalo ni kifaru?

Hapana, hilo ni gari la deraya. Vazi lile la chuma hapa limevikwa gari. Usidanganywe na minyororo pia: M113 ya Marekani inatembea kwa minyororo, lakini kazi yake ni kubeba askari, 11 nyuma, basi ni gari la deraya. Kwa kawaida kifaru hakibebi abiria. T-72, kifaru cha Kisovieti, ina watu watatu tu, kwa sababu mashine hupakia makombora yenyewe. Leopard 2, kifaru cha Ujerumani, ina wanne, mmoja wao ndiye mpakiaji.

Naweza kukiita "faru" kwa kifupi?

Usithubutu. Faru ni mnyama tu, na ndilo neno la kukimbilia kichwa cha habari kinapoleta utata.