Maana ya "knobbly" na linavyotumika

Ndugu, umeuliza neno "knobbly" lina maana gani na kama unaweza kulitumia kwa barabara mbovu. Kwa barabara hapana. Hapo Waingereza husema "bumpy", kwa sababu kinachozungumziwa ni mtikisiko unaoupata ukipita.

"Knobbly" ni sifa ya kitu chenye vinundu vigumu vilivyochomoza, vile ambavyo ukipitisha kidole unavigusa kimoja kimoja. Shika kipande cha tangawizi: yale machipukizi ya mviringo yaliyotokeza huku na huku bila mpangilio ndiyo hasa neno linayoyasema. Shina la mti mkongwe lenye mafundo huitwa hivyo pia, na hata tairi za pikipiki za kupita kwenye matope, zile zenye meno makubwa. Ila utalikuta zaidi kwenye "knobbly knees", yaani magoti ya mtu mwembamba ambayo mifupa yake imejitokeza. Waingereza walifikia hadi kufanya mashindano ya magoti ya aina hiyo kwenye kambi zao za likizo. Lakini chunga sana kabla ya kumwambia mtu, maana si sifa ya urembo.

Kwa godoro lililofanya mabonge ndani pia usitumie "knobbly"; hilo ni "lumpy". Mabonge hayo ni laini na yamejificha chini ya kitambaa.

Herufi k ya mwanzo haitamkwi, anzia kwenye n. Wamarekani wengi huandika "knobby", bila l, kwa hiyo ukiliona hivyo usidhani limekosewa.