Mwindaji wangu kafanana na Artemis

SWALI: Ninachora kwa rangi za mafuta mungu wa kike mwindaji, wa visasili vya Waslavi. Nimemweka msituni usiku, mwezi mkubwa nyuma yake, amevuta upinde. Kila anayeiona picha husema, "Aa, Artemis!", yule mungu wa kike wa Wagiriki, wa uwindaji na mwezi. Nimwongezee nini?

JIBU: Usimwongezee kitu. Anza kwa kumwondolea mwezi.

Kosa lako ni la zamani, usione haya. Jan Długosz, mwanahistoria wa Polandi wa karne ya 15, alimtaja Dziewanna, ndiye huyo mwindaji wako, na papo hapo akamlinganisha na Diana, Artemis wa Warumi. Tangu hapo bibi huyu anatembea na nguo za kuazima.

Mimi ningebisha hodi kwa Wasorbi, Waslavi wa mashariki mwa Ujerumani. Wao humwita Dźiwica, mwenye upinde na mbwa, na aliyekawia msituni saa sita mchana alionywa kuwa atakutana naye. Mchana! Usiku wa mbalamwezi pia huwinda, lakini huo umeshachorwa hadi umechosha.

Jua la utosini linabadili kila kitu. Paji la uso na mabega vinawaka, macho yanazama kivulini, na kijani cha majani kinarudi chini ya kidevu. Vivuli hivyo usivichore kwa rangi nyeusi. Niliwahi kufanya hivyo, uso ukatoka kama umepakwa masizi, nikaukwangua wote kwa kisu. Changanya buluu nzito na kahawia, kisha uamue wapi uegemee ubaridi na wapi joto.

Shuka la mikunjo livuliwe. Mpe kitani na ngozi. Mkono unaovuta ufike shavuni, kiwiko kisishuke chini ya mshale. Wewe (picha uliyotuma nimeitazama kwa makini) umemshikisha kamba ya upinde kama ya gitaa.

Kwa Kipolandi, dziewanna ni jina pia la mmea mrefu wa maua ya njano, wenye majani laini kama mahameli. Mmea huo usimame pembeni, ukishindana na mwindaji kwa urefu. Maua yake usimtie kichwani, mataji ya maua yametosha.

Na mbwa: wawili wanuse ardhi, wa tatu ageuke amkazie macho anayeitazama picha. Huyo ndiye aliyekawia msituni.