Ukimtafuta mtu wa kazi LinkedIn, usianzie Mbeya

Umeanza juzi kitengo cha rasilimali watu, bosi anakwambia utafute msimamizi wa ubora wa kiwanda cha parachichi Rungwe. Utaingia LinkedIn na kuchuja kwa mahali: Mbeya. Utapata majina machache, na wengi wao wameshatulia kwenye kazi zao. Unayemtaka huenda yuko Dar es Salaam au Morogoro, kwao ni Tukuyu au Makambako, na akisikia kuna kazi ya maana atarudi. Hilo la kwao haliandikwi kwenye wasifu.

Kwa hiyo anzia chuoni. Fungua ukurasa wa SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (au wa MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kama unatafuta mtu wa mitambo), nenda sehemu ya wahitimu, chuja kwa fani na mahali wanapoishi. Haulipii kitu. Ukitafuta kwa cheo, kumbuka bwana shamba mmoja anajiita "agronomist", mwenzake "field officer". Unganisha vyeo hivyo kwa OR ya herufi kubwa, na cheo cha maneno mawili kiweke ndani ya alama za nukuu, la sivyo utaletewa maofisa wa kila aina, hadi wa mikopo.

Kazi yenyewe hasa ni ujumbe. Ombi la kuunganishwa halipokei zaidi ya herufi 300, na akaunti ya bure inabana zaidi. Halafu watu wameumizwa na matapeli wa ajira wanaodai "hela ya fomu", kwa hiyo ukiandika tu "nina fursa nzuri kwako" umeshajiweka kundi hilo. Taja kampuni, kisha andika hivi (GLOBALG.A.P. ni viwango vya kimataifa vya kilimo bora):

"Habari za kazi. Tunatafuta msimamizi wa ubora, kiwanda cha parachichi, Rungwe. Nimeona umesimamia ukaguzi wa GLOBALG.A.P. Mshahara unaanzia milioni 1.5, nyumba ipo. Kuomba ni bure. Tuongee?"

Mabosi wengi watakukataza kutaja mshahara. Bishana nao kwa adabu. Mtu mwenye watoto shuleni Dar hawezi hata kuligusia suala la kuhama mbele ya mwenzi wake kama hana namba mkononi.

Akinyamaza, usimhesabu amekataa. Wengi wetu tunafungua LinkedIn mara moja moja. Mkumbushe baada ya wiki. Akikupa namba, hamieni WhatsApp, lakini CV yake usiitupe kwenye grupu la mameneja. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo pata ridhaa yake kwanza.

Madereva wa malori ya Tunduma na mafundi wa mbao Mafinga usiwatafute LinkedIn. Tumia redio, vyuo vya ufundi vya VETA na watu wanaofahamiana nao.

Na usimpigie bosi wake wa sasa kabla mwenyewe hajakuruhusu. Wenye viwanda huku wanajuana. Kabla ya jioni atakuwa ameshaulizwa anahama lini.