Mguu umevimba: je, ni ile chanjo ya UVIKO-19 ya mwaka 2021?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 33, naishi Morogoro. Septemba 2021 nilichanjwa chanjo ya JJ (Johnson & Johnson). Wiki tano zilizopita nimejifungua kwa upasuaji. Sasa mguu wa kushoto umevimba kuanzia shavu la mguu, una joto na unauma nikiukanyaga. Jirani anasema ni ile chanjo, inagandisha damu polepole. Nimeanza kumeza junior aspirini kila siku, na nimenunua dawa ya kusafisha chanjo mwilini, chupa ya lita moja shilingi 35,000. Je, niendelee nayo? Na mtoto anaweza kupata mabaki ya chanjo kwenye maziwa?

JIBU: Marahaba. Ujumbe wako nilikujibu kwa simu dakika ile ile nilipousoma, kwa sababu mguu mmoja uliovimba, wenye joto, kwa mama aliyetoka kupasuliwa wiki tano zilizopita, si jambo la kusubiri zamu ya kuchapishwa. Nashukuru ulikwenda hospitali siku hiyo hiyo. Hapa narudia kwa ajili ya wengine walio kama wewe.

Ninachokihofia ni damu kuganda kwenye mshipa wa ndani wa mguu. Sababu yake haiko mwaka 2021, iko kwenye uzazi wako. Mimba yenyewe huifanya damu iwe nyepesi kuganda, na hali hiyo huendelea wiki kadhaa baada ya kujifungua. Ongeza upasuaji, ongeza kulala kitandani siku nyingi. Hata huo mguu wa kushoto una maelezo: mshipa unaorudisha damu kutoka mguu huo hupita chini ya mshipa mwingine mkubwa na kubanwa, na mimba huzidisha kubanwa huko. Ndiyo maana kwa wajawazito na waliotoka kujifungua tunaukuta mguu wa kushoto mara nyingi zaidi. Kipimo ni ultrasaundi ya mishipa. Dawa ni ya kuzuia damu kuganda, inayotolewa kwa kipimo na kufuatiliwa, na daktari huchagua ile inayofaa kwa anayenyonyesha. Aspirini haiwezi kazi hiyo. Na tafadhali, mguu kama huo usikandwe wala kuchuliwa kwa mafuta ya moto. Bonge la damu likibanduka huenda mapafuni; ukiona pumzi inakata ghafla, kifua kinachoma au unakohoa damu, ni dharura, hata kama ni saa nane za usiku.

Kwa mtoto ondoa hofu. Mnyonyeshe.

Sasa nije kwenye hiyo chupa, maana hili ndilo linaloniumiza kila wiki kliniki. Watu wanaamini chanjo imekaa mwilini kama uchafu kwenye bomba, ikingoja siku yake. Chanjo ya JJ ilikuwa nusu mililita. Ndani yake mlikuwa na kirusi cha jamii ya mafua kilichoondolewa uwezo wa kuzaliana, kilichobeba maelekezo ya kutengeneza kipande kimoja tu cha kirusi cha korona. Seli za mkono wako zikasoma, zikatengeneza, kinga yako ikajifunza, na mwili ukavivunjavunja vyote hivyo kama unavyovunja protini nyingine yoyote. Kilichobaki ni kumbukumbu ya kinga. Hakuna mzizi unaochemshwa ukaiondoa kumbukumbu hiyo, na hata ungekuwepo, sijui kwa nini mtu alipe pesa aondolewe kinga.

Je, JJ iligandisha damu? Ndiyo, kwa watu wachache sana, na wanaokataa hilo wanatuharibia kazi. Marekani iliisimamisha tarehe 13 Aprili 2021 baada ya wanawake 6 kuugua kati ya dozi zaidi ya milioni 6.8. Siku kumi baadaye ikaruhusiwa tena pamoja na onyo. Kufikia Machi 2022, baada ya dozi zaidi ya milioni 18, walikuwa wamethibitisha wagonjwa 60, na 9 kati yao walifariki. Kila mmoja wa hao tisa ana wazazi na ndugu, sitaki kuwapunguza. Lakini tazama ugonjwa ulivyo: mwili hutengeneza kingamwili zinazozichochea chembe sahani (chembe za damu zinazoisaidia kuganda), damu inaganda mahali pasipo kawaida kama mishipa ya ubongo au ya tumbo, na wakati huo huo chembe sahani zinapungua. Huanza siku chache hadi wiki chache baada ya sindano. Haulali miaka ukaamkia mguuni.

Hiyo ndiyo kauli ningependa ikae vichwani: madhara ya chanjo yana kalenda. Mzio mkali huja ndani ya dakika, ndiyo sababu tuliwakalisha watu kwenye benchi robo saa. Homa na mkono kuuma, siku mbili tatu. Kuvimba kwa misuli ya moyo baada ya Pfizer au Moderna, ambako huwapata zaidi vijana wa kiume baada ya dozi ya pili, mara nyingi huja ndani ya wiki moja. Dalili ikija nje ya kalenda, tafuta chanzo chake, kwa sababu kipo.

Mwaka jana alinijia dereva wa bodaboda, kijana, moyo unamwenda mbio. Kwa karibu miaka miwili alikuwa ananunua dawa ya kusafisha chanjo kwa mtu mmoja stendi. Nikamwambia anyooshe mikono mbele. Vidole vilitetemeka, viganja vimelowa jasho, shati linamcheza mwilini kwa kukonda, na shingoni uvimbe ulipanda na kushuka kila alipomeza mate. Tezi ya shingo ilikuwa inazalisha homoni kupita kiasi. Kipimo cha damu kikathibitisha, vidonge vikaanza, mwezi wa tatu wa matibabu akarudi kazini. Muuzaji wake hakuwahi kumshika hata mapigo ya moyo. Chupa niliiona: imeandikwa kwa kalamu kuwa inatibu kisukari, presha, nguvu za kiume na chanjo. Kilichomo hakijaandikwa. Mgonjwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda akiongeza vitu kama hivyo, anaweza kutoka damu ndani kwa ndani bila sisi kujua kwa nini. Kwa hiyo mwanzo wa jibu lako, dada yangu: acha hiyo dawa, na umwonyeshe daktari wako hiyo chupa ili ajue ulichokunywa.

Kuhusu aspirini, wapo wengi wanaoimeza kila siku tangu 2021 bila kuandikiwa na mtu, kwa sababu ya chanjo tu. Haizuii ule ugonjwa niliouelezea, na inatoboa matumbo ya watu. Nimelaza zaidi ya mmoja anayetapika damu.

Na wenzangu wa afya tubebe fungu letu. Tanzania ilipozindua chanjo tarehe 28 Julai 2021, habari ya wale wanawake wa Marekani ilikuwa imeshajulikana miezi mitatu. Bado kwenye baadhi ya meza mtu aliuliza akajibiwa “haina madhara yoyote,” akasukumwa akae. Aliyeambiwa hivyo, siku alipousikia ukweli kwenye WhatsApp, alihama na kumwamini muuza chupa. Kwa aliyepata dalili ndani ya muda niliotaja na akapuuzwa, TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) wanapokea taarifa za madhara ya dawa na chanjo hadi leo. Nenda na kadi yako ya chanjo yenye tarehe na namba ya toleo, na umtake mhudumu wa kituo akujazie fomu mbele yako.