Walioua dansi? Tuanzie Dakar

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Je, vijana ndio walioua muziki wa dansi?" Nikianza na bendi zetu za Msondo na Sikinde tutagombana kwa ushabiki, kwa hiyo najibu kwa Orchestra Baobab ya Senegal.

Hapana, hawakuua. Baobab iliundwa 1970 kupiga katika klabu moja ya Dakar, ikachukua na jina lake. Klabu ilifungwa 1979. Bendi kubwa ikikosa ukumbi wa kudumu inakosa mshahara wa kila wiki na mahali pa mazoezi, na hilo si kosa la kijana yeyote.

Kisha ikaja mbalax, mtindo wa vijana wa Senegal. Baobab walipiga Kikuba: besi linaruka pigo la kwanza, rithimu inazunguka palepale, na gitaa la solo la Barthélemy Attisso, Mtogo aliyekwenda Dakar kusomea sheria, linapata nafasi. Sikiliza "Utrus Horas" ya 1982, jinsi anavyoiacha noti ipoe ndipo aguse nyingine. Mbalax ilitanguliza ngoma: sabar, na tama, ile ngoma ya kwapani. Mchezaji anajibu ngoma, na noti ndefu za gitaa zinamezwa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 bendi ilikuwa imevunjika. Attisso akarudi Lomé kufanya uwakili, gitaa akaliweka chini kwa miaka mingi.

Hapo ndipo nakwama kila mara. Wapiga gitaa wanajua: sugu za vidole huisha baada ya wiki chache bila kupiga, nyuzi zinauma upya, mkono wa kushoto unakumbuka pa kubonyeza lakini wa kulia unachelewa nusu pigo. Dawa ni mazoezi ya kila siku, polepole, kasi ikiongezwa kidogo kidogo. Bendi iliporudi 2001, naye alirudi. Katika albamu ya 2002, *Specialist in All Styles*, solo zake bado zina utulivu uleule.

Na nani alishiriki kuisimamia albamu hiyo? Youssou N'Dour, mfalme wa mbalax mwenyewe! Basi nalegeza msimamo: ndiyo, vijana waliwasukuma kando, ila mmoja wao alisaidia kuwarudisha. Si wote waliorudi lakini; mwimbaji wao Laye Mboup alikuwa amefariki tangu 1974. Tena kabla bendi haijarudi, rekodi zake za 1982 zilikuwa zimetolewa Uingereza mwaka 1989, bendi ikiwa haipo, kwa sababu kanda zilikuwa zimetunzwa. Kanda za dansi letu zilirekodiwa Radio Tanzania, ambayo sasa ni TBC. Ulizeni hali ya kanda hizo.